Kusoma Sana na Kushindwa: Somo kutokana na Mtihani wa Kuingia Vyuo vya Biashara

Mtahiniwa ambaye hakusoma akishindwa mtihani, hapana mtu anayeshangaa. Linaloshangaza ni jambo la yule aliyesoma kwa miezi mingi, akapiga mistari chini ya kila ukurasa wa kitabu, akaingia katika chumba cha mtihani akiwa na matumaini makubwa, kisha akatoka na alama zisizomfikisha popote. Aghalabu watu husema kwamba hakuwa na bahati, au kwamba hakujaliwa kichwa cha hesabu. Uchunguzi wa wanasaikolojia, ulioanza tangu karne ya 19, unaonyesha sababu nyingine. Mara nyingi mtu wa namna hiyo amejiandaa kwa njia inayompa hisia ya kujua bila kumpa uwezo wa kutenda.

Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo baina ya mambo hayo mawili. Mfano unaotumika ni mtihani mmoja unaofanywa katika nchi nyingi, nao ni ule wa kuingia katika vyuo vya biashara, ujulikanao kwa kifupi kama GMAT.

Mtihani wenyewe

Mwaka 1953 vyuo tisa vya biashara vya Marekani vilishirikiana kutafuta kipimo kimoja cha kuwachagua wanafunzi wa shahada za juu. Mtihani ulianza kufanywa mwaka 1954, na jina la GMAT lilianza kutumika mwaka 1976. Tangu mwaka 1997 umekuwa ukifanywa kwa kompyuta inayochagua maswali kulingana na majibu ya mtahiniwa. Anayejibu vizuri huletewa maswali magumu zaidi, na anayekosea huletewa yaliyo mepesi.

Mtihani wa sasa, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2023, una sehemu tatu, na kila sehemu ina dakika 45. Sehemu ya hesabu ina maswali 21, ya ufahamu wa lugha ya Kiingereza maswali 23, na ya uchambuzi wa takwimu maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa saa 2 na robo. Alama huanzia 205 hadi 805. Katika sehemu ya hesabu mashine ya kuhesabia hairuhusiwi. Asiyemaliza maswali yote ya sehemu hupunguziwa alama.

Hesabu zinazoulizwa si ngeni kwa mwanafunzi wa sekondari. Ni uwiano, asilimia, wastani, milinganyo, na sifa za namba. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtahiniwa akitazama orodha ya mada hujiambia kwamba mambo hayo aliyamaliza zamani.

Mtahiniwa aliyesoma sana

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mhasibu wa benki katika jiji la Dar es Salaam, anayetaka kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa biashara ng'ambo. Ana wiki 12 za kujitayarisha. Kila jioni baada ya kazi husoma kitabu cha mtihani kwa saa mbili. Akikutana na swali, husoma jibu lililochapishwa chini yake, hutikisa kichwa kukubali, kisha hufungua ukurasa unaofuata. Baada ya wiki 8 amekimaliza kitabu, naye hukianza upya. Mara ya pili kinasomeka kwa wepesi, jambo linalomfurahisha. Wiki ya mwisho hukesha usiku mfululizo ili kupitia kila kitu.

Hesabu ya saa zake si ndogo. Siku tano kwa wiki, saa mbili kwa siku, kwa wiki 12, ni saa 120. Lakini katika saa hizo zote hajawahi kulimaliza swali moja kwa nguvu zake mwenyewe huku saa ikienda. Isitoshe, kitabu alichokipata kwa rafiki kilichapishwa kabla ya mtihani kubadilishwa. Ametumia wiki mbili kusoma jiometri na wiki moja kufanya maswali ya kusahihisha sentensi. Mambo hayo mawili yaliondolewa katika mtihani wa sasa.

Mtahiniwa huyu si mvivu, na wala hakukosa nidhamu. Kosa lake liko katika kipimo alichokitumia kujua kama ameelewa. Aliutazama wepesi wa kusoma, akaudhania kuwa ni ujuzi.

Kutambua si kukumbuka

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza matokeo ya majaribio yanayoligusa jambo hili. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya maandishi. Katika njia ya kwanza wanafunzi walikisoma kifungu, kisha wakakisoma tena. Katika njia ya pili walikisoma mara moja, kisha wakakiweka kando na kuandika yale waliyoyakumbuka. Baadaye walipimwa ili kuona ni sehemu gani ya habari iliyobaki akilini. Matokeo yalikuwa hivi:

Baada ya dakika 5: waliosoma mara mbili, asilimia 81, waliosoma na kujipima, asilimia 75.
Baada ya siku 2: waliosoma mara mbili, asilimia 54, waliosoma na kujipima, asilimia 68.
Baada ya wiki 1: waliosoma mara mbili, asilimia 42, waliosoma na kujipima, asilimia 56.

Msomaji aangalie mstari wa kwanza kwa makini. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walioongoza. Kama majaribio yangeishia hapo, kila mtu angesema kwamba kurudia kusoma ni njia bora. Baada ya siku 2 mambo yaligeuka, na baada ya wiki 1 tofauti ilibaki palepale. Mtihani hauji dakika 5 baada ya kusoma.

Katika jaribio jingine la watafiti hao, wanafunzi waliulizwa wenyewe watakumbuka kiasi gani baada ya wiki 1. Waliokuwa wamesoma mara nne walitabiri kwamba watakumbuka zaidi kuliko wale waliosoma mara moja na kujipima mara tatu. Wiki 1 baadaye ikawa kinyume chake. Waliosoma tu walikumbuka kiasi cha asilimia 40, na waliojipima walikumbuka kiasi cha asilimia 61. Ndiyo kusema kwamba njia dhaifu ndiyo iliyowapa wanafunzi imani kubwa zaidi.

Sababu yake si vigumu kuifahamu. Anayesoma ukurasa kwa mara ya pili huyatambua maneno yake, kama mtu anavyoitambua sura aliyokwisha kuiona sokoni. Lakini kuitambua sura si kulikumbuka jina lake. Chumba cha mtihani hudai jina. Anayejipima huilazimisha akili itafute jambo pasipo msaada, na kutafuta huko ndiko kunakoiimarisha njia ya kulifikia mara nyingine.

Mwendo wa kusahau

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuupima mwendo wa kusahau. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1885 alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, kisha akajifunza upya orodha zilezile na kupima muda aliouokoa. Kwa mfano, kama orodha ilimchukua sekunde 1,000 mara ya kwanza na sekunde 660 mara ya pili, aliokoa sekunde 340, yaani asilimia 34. Kiasi hicho cha akiba kilipungua hivi:

Baada ya dakika 20: asilimia 58.
Baada ya saa 1: asilimia 44.
Baada ya siku 1: asilimia 34.
Baada ya siku 6: asilimia 25.
Baada ya siku 31: asilimia 21.

Upotevu mkubwa hutokea mwanzoni kabisa, kisha hupungua kasi. Bila shaka mambo yenye maana hayasahauliki upesi kama silabi zisizo na maana, lakini umbo la mwendo huo limeonekana katika majaribio mengi ya baadaye.

Ebbinghaus aliona pia jambo la pili lenye faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi. Kurudia mara 38 kulikogawanywa katika siku tatu kulimsaidia kiasi sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Kazi ileile ilifanyika kwa juhudi iliyo pungufu ya theluthi mbili, kwa sababu tu iligawanywa. Mhasibu wa mfano wetu anayekesha wiki ya mwisho analipa bei ya juu kwa bidhaa ambayo angeipata kwa bei nafuu. Zaidi ya hayo, anajinyima usingizi, ambao ni wakati wa ubongo kuyaimarisha yale uliyojifunza mchana.

Faida ya kuchanganya maswali

Vitabu vingi hupanga mazoezi kwa mada: maswali 20 ya asilimia, kisha 20 ya uwiano. Mpango huo ni mzuri kwa siku ya kwanza ya kujifunza, lakini una upungufu. Anayefanya swali la 7 la asilimia hana haja ya kujiuliza ni kanuni gani itumike, kwa kuwa kichwa cha sura kimekwisha kumwambia.

Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walitangaza jaribio lililohusu kukokotoa ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja la wanafunzi lilifanya mazoezi umbo kwa umbo, na kundi la pili lilifanya mazoezi yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Wiki 1 baadaye walipimwa. Kundi la kwanza lilipata asilimia 20, na kundi la pili asilimia 63.

Hapa tena lile lililoonekana kuwa zuri wakati wa kujifunza halikuwa zuri wakati wa kupimwa. Majaribio haya yote hayakufanywa kwa watahiniwa wa GMAT, wala hayathibitishi kwamba mtu fulani atapata alama fulani. Yanachoonyesha ni tabia ya kumbukumbu ya binadamu, nayo haibadiliki kwa sababu mtihani umebadilika jina.

Kanuni ni moja, swali ni jingine

Baadhi ya maswali ya mtihani huo hayamtaki mtahiniwa atafute jibu. Yanamtaka aseme kama taarifa zilizotolewa zinatosha kulipata jibu. Ufuatao ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili.

Mfanyabiashara alinunua gunia la mchele, kisha akaliuza. Je, alipata faida ya asilimia ngapi ya bei ya kununua?
Taarifa ya 1: Aliliuza kwa shilingi 12,000 zaidi ya bei ya kununua.
Taarifa ya 2: Bei ya kuuza ilikuwa mara moja na robo ya bei ya kununua.

Mtahiniwa aliyezoea kusoma majibu huanza kukokotoa mara moja. Huona kwamba robo ya bei ya kununua ni shilingi 12,000, kwa hiyo bei hiyo ni shilingi 48,000, na faida ni 12,000 kwa 48,000, yaani asilimia 25. Hesabu ni sahihi. Kisha hujibu kwamba taarifa zote mbili zinahitajika kwa pamoja, akakosa.

Taarifa ya 2 peke yake inatosha. Ikiwa bei ya kuuza ni mara moja na robo ya bei ya kununua, faida ni robo, yaani asilimia 25, hata kama gunia lilinunuliwa kwa shilingi 10,000 au kwa shilingi 100,000. Taarifa ya 1 peke yake haitoshi, maana shilingi 12,000 ni faida kubwa kwa gunia la bei ndogo na ni faida ndogo kwa gunia la bei kubwa. Mtahiniwa hakushindwa na asilimia. Alishindwa kusimama kidogo na kujiuliza swali linataka nini. Tabia hiyo haipatikani kwa kusoma maelezo, bali kwa kukosea, kuligundua kosa, na kujaribu tena.

Hesabu ya wakati

Dakika 45 ni sekunde 2,700. Zikigawanywa kwa maswali 21 ya hesabu, kila swali hupata sekunde 128 na ushei, yaani dakika 2 na sekunde 8 hivi. Anayetumia dakika 3 kwa kila swali atakuwa amejibu maswali 15 wakati muda unapokwisha, na maswali 6 yatabaki bila kuguswa. Mtu huyu anaweza kuwa anazifahamu hesabu zote 21.

Kwa hiyo kuachia swali ni sehemu ya ujuzi. Mtahiniwa aliyejizoeza huijua dalili ya swali linalomla muda. Hukisia jibu, huendelea mbele, na ikibaki nafasi hulirudia. Asiyejizoeza huliona kila swali kama deni la heshima, akapigana nalo hadi mwisho.

Maandalizi yanayofaa

Mhasibu yuleyule, kwa saa zilezile 120, angeweza kufuata mpango huu.

Wiki ya 1: Ahakikishe muundo wa mtihani wa mwaka wake, kisha afanye jaribio moja kamili kwa muda uliowekwa, kabla ya kusoma chochote. Wenye mtihani hutoa majaribio mawili kamili bila malipo. Alama atakazopata zitakuwa ndogo, na hilo si la kuonea haya. Jaribio hilo ni kipimo cha daktari kabla ya dawa.

Wiki ya 2 hadi ya 7: Ajifunze mada alizoonekana dhaifu. Kila mada airudie baada ya siku 1, baada ya wiki 1, na baada ya wiki 3. Kila mara afunge kitabu na kulifanya swali mwenyewe kabla ya kutazama jibu.

Wiki ya 8 hadi ya 10: Afanye mafungu ya maswali yaliyochanganywa, huku saa ikiwa mezani.

Wiki ya 11 na ya 12: Afanye jaribio la pili, achambue makosa yake, asianze mada mpya, na alale usingizi wa kutosha.

Kuanzia siku ya kwanza awe na daftari la makosa. Kila kosa liandikwe chini ya kichwa kimoja kati ya vitatu: hakuijua kanuni, aliijua lakini hakulielewa swali, alielewa lakini aliishiwa na muda. Kila ugonjwa una dawa yake. Asiyeijua kanuni arudi kitabuni. Asiyelielewa swali ajizoeze kulieleza kwa maneno yake kabla ya kushika kalamu. Aliyeishiwa na muda afanye mafungu mafupi kwa saa. Mwenye kusoma tena kitabu kizima kwa ajili ya makosa ya aina zote tatu hutibu homa na jeraha kwa kidonge kimoja.

Mpango kama huu unachosha zaidi kuliko kusoma tu, na kwa wiki za mwanzo huonekana kama hauleti maendeleo. Hiyo ndiyo sababu wengi huuacha. Lakini gharama ya kuuacha ni kubwa. Anayeshindwa hapana budi angoje siku 16 kabla ya kuufanya mtihani tena, alipe ada upya, na pengine muda wa kupeleka maombi chuoni uwe umekwisha kupita. Mwaka mzima hupotea.

Darasani

Yaliyosemwa juu ya mhasibu yanawahusu pia wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita. Mwalimu anaweza kuyatumia bila gharama yoyote. Dakika 5 za mwanzo wa kipindi zitumike kwa maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, na moja la mwezi uliopita. Wanafunzi wajibu madaftari yakiwa yamefungwa. Maswali hayo yasitolewe alama, kwani kusudi lake si kuwapanga wanafunzi bali kuwafundisha. Vilevile zoezi la mwisho wa wiki lichanganye mada, hata kama wanafunzi watalalamika kwamba ni gumu.

Mwanafunzi naye ajihadhari na ule wepesi unaompata anaposoma daftari lake kwa mara ya tatu. Aulize: je, daftari likifungwa, naweza kuliandika jambo hili kwenye karatasi tupu? Akiweza, anajua. Asipoweza, amepata habari njema mapema, wakati bado kuna nafasi ya kujifunza.

Maswali ya kujipima

Msomaji alifunge jarida kwa muda, ajaribu kukumbuka mambo makuu matatu ya makala haya, kisha ajibu maswali yafuatayo.

1. Mtahiniwa ana maswali 20 na dakika 45. Baada ya dakika 27 amejibu maswali 10. Kila swali lililobaki lina muda gani?

2. Bila mashine ya kuhesabia, kadiria asilimia 19.8 ya 4,950.

3. Je, x ni kubwa kuliko 3? Taarifa ya 1: x kwa kipeo cha pili ni 16. Taarifa ya 2: x ni kubwa kuliko sifuri. Taarifa zipi zinatosha?

4. Kwa nini waliosoma mara mbili waliongoza baada ya dakika 5, lakini wakaachwa nyuma baada ya wiki 1?

Majibu: (1) Dakika 18 kwa maswali 10, yaani dakika 1 na sekunde 48 kwa kila swali, ambapo wastani uliowekwa ni dakika 2 na sekunde 15. (2) Asilimia 20 ya 5,000 ni 1,000. Kwa kuwa namba zote mbili ziliongezwa kidogo, jibu ni pungufu kidogo ya 1,000. (3) Taarifa ya 1 peke yake haitoshi, kwa sababu x yaweza kuwa 4 au −4. Taarifa ya 2 peke yake haitoshi, kwa sababu x yaweza kuwa 1 au 5. Zote mbili kwa pamoja zinatosha, kwani x ni 4. (4) Jibu la swali hili limo katika makala. Asiyelikumbuka asilitafute kwanza. Aandike anavyodhani, ndipo afungue ukurasa na kujisahihisha.